Damu, Jibu na Sindano Siku Moja: Waraka wa Wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti,
pamoja na maafisa wote wa Idara ya Huduma za Afya,
Serikali ya Kaunti ya Kilifi,
Kilifi.

MINTARAFU: KUPIMWA NA KUTIBIWA KASWENDE KWA ZIARA MOJA

Mheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii wa Malindi, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwazindua Septemba 2023, na nyumba ninazozipitia ziko Maweni na Kisumu Ndogo. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limezoea kunong'onwa, na minong'ono hiyo ndiyo inayoliponza. Ombi langu ni hili: kila mama mjamzito anayetolewa damu katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya kaunti hii apewe jibu lake la kaswende kabla hajashika njia ya kurudi nyumbani. Akipatikana nayo, adungwe sindano papo hapo. Na mumewe naye atibiwe bila mama kugeuzwa mshtakiwa.

Mkobani mwangu mna mashine ya presha, kipimajoto, mzani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto na mashine ya sukari. Nikiitoa hii ya sukari, watu hujipanga. Mzee anaacha bao, anafuta kidole, anakinyoosha mbele ya wenzake wote, na namba ikitokea wanaisoma kwa sauti na kuanza kubishana ni nani anayezidisha halua. Nikiwaambia wazee hao hao kwamba tone la damu kama lile laweza pia kuonyesha kaswende, baraza zima linanyamaza. Kisha mmoja huniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mwanangu, umesikia nini?" Kidole ni kile kile na damu ni ile ile. Tofauti ni kwamba ugonjwa mmoja unahesabiwa kuwa maradhi, na mwingine unahesabiwa kuwa hukumu.

Wewe na wataalamu wako mnaujua ugonjwa huu kuliko mimi, lakini waraka huu utasomwa na wengi, kwa hiyo niruhusu nieleze. Kaswende huletwa na kijidudu kiitwacho Treponema pallidum. Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikitambua Berlin mwaka 1905, na mwaka uliofuata August Wassermann na wenzake wakapata njia ya kuujua ugonjwa kwa kuipima damu. Huanza kwa kidonda kisichouma, mara nyingi mahali ambapo mwanamke hawezi kukiona. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe. Huenda vipele vikafuata, hata kwenye viganja na nyayo, navyo huondoka. Halafu kimya, pengine cha miaka mingi. Mtu anakula, anafanya kazi, anazaa, na hana hata dalili moja ya kumpeleka hospitali. Ndiyo maana hatuwezi kungoja mgonjwa aje na malalamiko yake. Damu peke yake ndiyo inayosema.

Kwa mama mjamzito kimya hicho ni hatari zaidi, kwa sababu kijidudu hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha kwa ushahidi. Katika utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002, akina mama waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa walitambuliwa wakati wa kujifungua. Robo yao walizaa mtoto akiwa amekwisha kufa. Waliotibiwa kwa sindano moja tu ya penisilini ujauzito ukiwa bado unaendelea, mambo yao yalikuwa kama ya wale ambao hawakuwa na ugonjwa kabisa. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 mimba na watoto wachanga 661,000 waliathiriwa na kaswende ya kurithi kutoka kwa mama, na zaidi ya 200,000 miongoni mwao walikufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kwa mwaka 2022 kadirio lilifika karibu 700,000. Idadi imepanda, ilhali dawa imekuwapo tangu miaka ya 1940.

Watoto hao hapa kwetu tunawazika bila jina la ugonjwa. Mama akijifungua mtoto mfu, huambiwa ni mapenzi ya Mungu, na mimi siyapingi mapenzi ya Mungu. Lakini mtoto akizaliwa hai kisha akadhoofu, mara nyingi maneno hugeuka. Katika nyumba nyingi za Kimijikenda kuna wanaosema ni chirwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa ndoa, na kidole humwelekea mama. Watoto wengi wanaosemwa wana chirwa ni wa utapiamlo, hawana kaswende. Nalitaja hili ili uone kwamba mwanamke wa kwetu anapokwenda kliniki huwa amekwisha kubeba shtaka la zamani. Karatasi yoyote tutakayompa, ataisomea ndani ya shtaka hilo.

Sasa nije kwenye zahanati yenyewe. Kipimo tunachopaswa kukitumia ni kile cha pamoja, kinachopima virusi vya ukimwi na kaswende kwa tone moja. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kiwe kipimo cha kwanza kwa wajawazito, na Kenya imekikubali. Ni kibao kidogo cha plastiki. Nesi anachoma kidole, anadondosha damu kwenye kitobo, anaongeza matone ya dawa, anatazama saa. Baada ya dakika 15 hadi 20 anasoma mistari: mmoja wa kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, mmoja wa virusi, mmoja wa kaswende. Hakihitaji umeme, jokofu wala maabara. Mama wa Chakama au wa Adu anaweza kupimwa chini ya mwembe na akapata jibu kamili kama la mama wa mjini.

Penye matatizo ni kati ya mstari huo na sindano. Katika zahanati moja ya mashambani, ambayo siitaji kwa sababu inayoyapitia, nyingine nyingi zinayapitia, mama mmoja ninayemfahamu alipimwa asubuhi. Mstari wa kaswende ukatokea. Dawa haikuwapo. Akaandikiwa karatasi aende hospitali kubwa. Nauli ya bodaboda na matatu, kwenda na kurudi, ilikuwa zaidi ya matumizi ya nyumbani kwake ya siku kadhaa. Akaiweka karatasi ndani ya kitabu cha kliniki, kitabu kikawekwa chini ya godoro. Nilipokikuta, kisanduku cha kaswende, ambacho wengi bado wanakiita VDRL, kilikuwa kimejazwa vizuri kabisa. Kwenye takwimu, mama huyo amepimwa. Kwenye mwili wake hakuna kilichobadilika.

Ni heri tulihesabu jambo hili kwa njia nyingine. Tunaporipoti ni wajawazito wangapi wamepimwa kaswende, turipoti pia ni wangapi kati ya waliopatikana nayo walidungwa siku ile ile. Hesabu ya pili ndiyo inayomwokoa mtoto. Mama anatakiwa awe ametibiwa si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua ndipo mtoto ahesabike kuwa amekingwa ipasavyo, na akina mama wengi wa kwetu huanza kliniki mimba ikiwa kubwa. Kila wiki inayopotea kwa kutafuta nauli inakatwa kwenye siku hizo.

Kuhusu dawa: ni benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4. Kwa mjamzito hakuna mbadala unaotegemewa kumfikia na kumtibu mtoto aliye tumboni, kwa hiyo ikikosekana hatuwezi kusema tutampa vidonge vingine halafu tuone. Ni unga unaochanganywa na maji hadi uwe mzito na mweupe kama tui la kwanza. Ukicheleweshwa kidogo unaziba sindano. Manesi wengi huugawa, nusu kalio la kulia, nusu la kushoto, na mama hutoka akichechemea. Inauma, na ni vizuri mama aelezwe mapema kwamba inauma. Kuna manesi wanaoiogopa kwa sababu ya wachache ambao miili yao huikataa penisilini. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni kumuuliza mama historia yake, kumweka kwa muda baada ya kudungwa, na kuhakikisha adrenalini ya dharura ipo kwenye trei na nesi amefundishwa kuitumia. Nesi aliye peke yake kwenye zahanati, asiye na adrenalini, usimlaumu akiandika rufaa badala ya kudunga. Mpelekee adrenalini.

Ugonjwa ukiwa haujulikani ulianza lini, na mara nyingi haujulikani, mama huhitaji sindano tatu, moja kila wiki. Safari tatu. Hapo sisi wenye mikoba tunaweza kuwa na maana kubwa, tukipewa orodha kwa siri na nesi wa eneo, tukamkumbusha mama siku yake bila ya mavyaa wala jirani kujua tunamkumbusha nini. Mimi hupita nyumba kwa nyumba hata hivyo. Hakuna atakayeshangaa kuniona.

Lipo jambo moja la kitaalamu ambalo linavunja ndoa na linaweza kurekebishwa. Kipimo hiki cha haraka hutafuta kingamwili ambazo mwili huzijenga dhidi ya kijidudu, na kingamwili hizo kwa kawaida haziondoki maisha yote, hata mtu akipona kabisa. Mama aliyetibiwa kwa mimba ya kwanza atatokea na mstari kwa mimba ya pili na ya tatu. Asipoelezwa, na kama kitabu cha zamani kimepotea, mumewe atahesabu miezi na kusema, "Umeutoa wapi tena?" Kipimo cha RPR, ambacho hupanda na kushuka kulingana na ugonjwa, ndicho kinachotenganisha la jana na la leo. Vifaa vyake si vya gharama, na maabara za hospitali za kaunti ndogo zinaweza kukifanya. Mama mjamzito mwenye mstari asingojeshwe RPR ndipo atibiwe, atibiwe kwanza. Lakini damu yake iende ikapimwe, na aandikiwe kwa maneno yanayosomeka kwamba ametibiwa, tarehe fulani, kwa dozi fulani. Karatasi hiyo ni ngao yake.

Na sasa waume. Mheshimiwa, hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Mfumo wetu umeupanga ugonjwa wa watu wawili upite kwenye kidole cha mmoja. Mwanamke ndiye anayekwenda kliniki kwa sababu ya mimba, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua. Na katika nyumba zetu, wa kwanza kujua huonekana ndiye wa kwanza kuwa nao. Anapewa barua ya kumwita mumewe, na barua hiyo anatakiwa aipeleke kwa mkono wake mwenyewe, jioni, kwa mtu ambaye huenda ndiye aliyemwambukiza. Wapo waliorudishwa kwao na barua hiyo mkononi. Wapo wanaoichana njiani, na sina uso wa kuwalaumu. Lakini mume asipotibiwa, sindano ya mama inaweza kuwa kazi bure; huenda akaambukizwa upya kabla hajajifungua.

Njia zipo. Barua isitaje kaswende. Imwite baba kwa uchunguzi wa wazazi wanaotarajia mtoto, presha, sukari, kundi la damu, na ndani yake kaswende na virusi. Kila mjamzito apewe barua hiyo, mwenye mstari na asiye na mstari, ili kuwa nayo kusimwonyeshe mtu chochote. Baba akifika aonwe na mtumishi, ikiwezekana mwanamume mwenzake, faraghani, na aambiwe ukweli kwamba ugonjwa huu hukaa mwilini miaka mingi na kwamba hakuna kipimo chochote kinachoweza kusema ni nani kati yao aliyeanza. Nimeona maneno hayo yakisemwa na daktari yakituliza nyumba iliyokuwa karibu kuvunjika. Nikiyasema mimi, ni maneno ya mwanamke mwingine.

Saa nazo. Mvuvi wa hapa Malindi hurudi na samaki asubuhi, wakati kliniki imejaa wajawazito na watoto wa chanjo, na hawezi kuketi kwenye benchi lile. Msimu wa kaskazi wavuvi wa Pemba huja dago, wanakaa miezi kadhaa pwani yetu, wanaoa au wanazoeana na watu, kisha upepo ukigeuka wanaondoka. Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni wana zamu zao. Madereva wa malori hulala Mariakani kwenye mizani. Mtwapa hailali kabisa. Kliniki ya saa mbili hadi saa kumi alasiri haimwoni hata mmoja wa hao. Naomba siku moja kwa wiki ya kliniki ya jioni, Malindi, Mtwapa na Mariakani kwa kuanzia, itakayopima wanaume na wanawake wasio wajawazito kwa jumla, na kambi ya upimaji sehemu za kushushia samaki wakati wa kaskazi. Wanawake wanaofanya biashara ya ngono wahudumiwe hapo kama mteja mwingine yeyote. Taasisi ya KEMRI imekuwa ikifanya utafiti na kuwahudumia watu wa makundi haya Mtwapa tangu 2005, na mliopo ofisini mnajua kwamba wanapohakikishiwa heshima, wanakuja.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya sindano hapa kwetu inatufundisha. Wazee wa pwani wanakumbuka buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliokuwa ukiwashika watoto. Kijidudu cha buba ni ndugu wa kaswende, wa ukoo ule ule wa Treponema pallidum, na kipimo cha damu hakiwezi kuwatenganisha. Miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoanza kampeni za sindano za buba nchini Kenya, watu walijaa kwa makundi, hata wauguzi wakazidiwa. Hakuna aliyejificha, kwa sababu buba haikuwa na fedheha. Penisilini ilipokuja baadaye, dozi ndogo ya dawa hii hii tunayoizungumzia ikaufukuza ugonjwa ule katika vijiji vingi vya Afrika. Ukoo mmoja wa kijidudu, kipimo kimoja, sindano moja. Mmoja tukaupigia foleni mchana, mwingine tunaufunika shuka. Siamini kwamba watu wa Kilifi ni waoga wa sindano. Tumewawekea sindano hii mahali ambapo hawawezi kuifikia bila kuvuliwa nguo mbele ya watu.

Na damu yenyewe ina hofu zake. Pwani ndiko visa vya mumiani vilikolelewa, na hata KEMRI, ambayo ipo Kilifi tangu 1989, ilikuta maswali: damu yote hii inapelekwa wapi, inauzwa kwa nani? Maswali hayo hayakujibiwa kwa kuwaita watu wajinga. Yalijibiwa kwa vikao vya vijijini, wawakilishi waliochaguliwa na jamii, na kuwaonyesha watu kiasi cha damu kinachochukuliwa na kazi yake. Tena wenye hofu hawakuota tu. Huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maafisa wa afya waliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila matibabu ili wautazame ugonjwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Wagonjwa walitolewa damu miaka nenda miaka rudi na dawa hawakupewa. Ndiyo maana nasisitiza damu na sindano zishikamane. Mtu akitoa damu na asipewe kitu, hofu yake imepata ushahidi.

Sitaki pia tujidanganye kwamba damu inaona kila kitu. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi mwaka 2015 na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapima wajawazito 202. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na ugonjwa wa zinaa unaotibika, na uliokuwa mwingi zaidi ni klamidia, ukifuatwa na trikomona. Hayo, pamoja na kisonono, hayaonekani kwa tone la kidole. Yanahitaji mkojo au ute wa ukeni. Kwa sasa tunayatibu kwa kumuuliza mama kama anatokwa na uchafu au anawashwa, na asiye na dalili anapita. Mashine za GeneXpert ambazo hospitali kubwa za nchi hii hutumia kupimia kifua kikuu zinaweza pia kupima klamidia na kisonono, zikiwekewa vifaa vyake. Najua ni ghali na siombi zahanati zote zipewe kesho. Naomba hospitali za Kilifi, Malindi na Mariakani zianze na wajawazito wachanga, wasichana wa miaka ya sekondari, ambao mirija yao ya uzazi bado ina maisha marefu ya kuharibiwa. Na kipimo cha homa ya ini aina ya B kiongezwe kwenye damu ile ile, kwani chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001 tu, na mama aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga nayo.

Fedha. Nimeliacha neno hili hadi karibu na mwisho kwa sababu ndilo litakalotajwa kwanza mezani kwenu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla mwaka haujafika mwisho USAID ikafungwa. Vipimo vingi vya virusi vya ukimwi nchini vimekuwa vikinunuliwa kwa pesa za wafadhili, na kipimo chetu cha kaswende kimepandia mgongo huo huo. Hofu yangu ni hii: vibao vya pamoja vikipungua, vituo vitarudi kwenye vipimo vya virusi pekee, mama atachomwa kidole, ataambiwa yuko salama, na ataamini amepimwa yote. Kaswende itakuwa imeondoka kwenye huduma bila mtu yeyote kuamua iondoke. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya za mashinani, na kifungu cha 43 kinamhakikishia kila mtu afya ya uzazi. Kipimo hiki hugharimu takriban dola moja. Kiwekwe kwenye bajeti ya kaunti kwa jina lake, pamoja na benzathini, na maombi yapelekwe kwa KEMSA, wakala wa serikali wa dawa na vifaa vya tiba, kwa hesabu ya wajawazito wa kila kituo. Mama anayeanza kliniki asisikie habari za bima ya afya ya SHA kabla hajatibiwa kaswende. Kujiandikisha kunaweza kungoja dakika 20 za kibao.

Kuna watu ambao mngewaita, wangekuja. Masomo wanaowafunda maharusi huku kwetu huzungumza na msichana kuhusu mwili wake kwa uwazi ambao hakuna bango la wizara linaloufikia. Wapo viongozi wa dini, misikitini na makanisani, ambao huwaomba wachumba wapime virusi kabla ya ndoa. Tone lile lile lingetosha kwa kaswende, na mwanamume angekuwa amepimwa kabla ya mimba, akiwa mbele ya mchumba wake, wote wawili sawa. Sijui njia nyingine iliyo nyepesi zaidi ya kumwondolea mwanamke mzigo wa kuwa wa kwanza kujua.

Kwa hayo, Mheshimiwa, naomba majibu ya maandishi kwa maswali matatu. Ni vituo vingapi vya kaunti hii ambavyo leo vina kibao cha pamoja na benzathini penisilini kwenye kabati moja? Ni wajawazito wangapi waliopatikana na kaswende katika mwaka wa fedha uliopita walidungwa siku waliyopimwa, na ni waume wangapi waliotibiwa pamoja nao? Na barua ya mwaliko wa baba isiyotaja ugonjwa inaweza kuanza kutumika lini? Majibu yakipitia ofisi ya afya ya kaunti ndogo ya Malindi yatanifikia. Nitayasoma kwenye kikao cha akina mama cha mwezi, na nitawaalika wazee wa baraza la bao wakae upande wao wasikilize.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa afya wa jamii,
Malindi.

Nakala: Kamati ya Afya, Bunge la Kaunti ya Kilifi, Wasimamizi wa Uuguzi, kaunti ndogo zote.